Mwasumini wa Bibi na Mfaransa wa Kilburn

Juzi nilishuka basi Kilburn, hapa London, kwa shughuli zangu, miguu ikanipeleka yenyewe mtaa wetu wa zamani. Nyumba ya Mfaransa imepakwa rangi ya kijivu, na kile kibanda chake cha vioo cha kuoteshea mimea kimebomolewa, pameegeshwa gari. Niliona hasira, wallahi, utadhani nilikuwa na hisa pale.

Ulikuwa wakati ule Wahindi wa Afrika Mashariki tunamiminika London na masanduku yetu. Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, alikuja na kipande cha mwasumini alichokikata uani kwake, kakifunga kwenye kanga iliyolowa. Alijua uani kule harudi tena, basi angalau ua lije naye.

Kikashika. Baridi ilipoingia, majani yakaanza kupukutika. Bibi akawa anaumwagilia mti asubuhi na jioni, kama jua la Unguja linavyotaka, na kuusogeza karibu na hita ya mafuta ya taa. Kadiri alivyoupenda ndivyo ulivyozidi kufa, naye akawa hali chakula vizuri.

Mama ndiye aliyemwita Mfaransa, jirani yetu. Mzee huyo alikuwa bingwa wa mimea: mtoto wa mkulima wa mboga kwao, aliyepanda milima ya nchi za mbali akitafuta maua, kisha akafanya kazi miaka mingi katika bustani za vioo za London. Alizalisha mawaridi mapya, na hata moja hakulipa jina lake. Mimi nilimwona mkubwa kuliko mwalimu wangu.

Alivua kofia, akatia kidole kwenye udongo. Mkalimani nilikuwa mimi.

"Mwambie bibi yako anauzamisha. Wakati wa baridi mti hulala."

Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Mwambie mimi nimeotesha mwasumini yeye hajaota ndevu."

Nikamwambia vilevile. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza kwetu asumini huchumwa saa ngapi. Bibi akalegea. Alasiri, akasema, zingali vitumba, ili zifunukie kwenye nywele. Mzee akatoa daftari akaandika kila neno. Tangu tufike, hakuna aliyemuuliza Bibi anajua nini.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mama akanong'ona. Bibi akampa mti wake.

Mzee alikata vipande vitatu, akavipanda kibandani kwake. Viwili vikaoza. Bibi alikwenda kila siku kukitazama cha tatu, wawili hao wasio na lugha moja wameinamia chungu kimoja. Kiangazi kilipofika, kipande kile kikatoa vitumba. Bibi alitunga uzi mmoja, akaunusa, akalia kilio ambacho hakukilia hata siku tulipohama.

Mzee alitangulia mbele ya haki, Bibi akafuata. Tulipohamia mtaa wa Stanmore tuliusahau nje mti uliotokana na kipande kile, baridi ikaumaliza, na wa kumuuliza hakuwapo tena. Jana mwanangu, ambaye kila nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, aliniuliza mwasumini wa Bibi ulikuwa ukinukiaje. Nilitafuta maneno kwa lugha zote mbili, nikakosa.