Mti wa bibi yangu kule Masoko umesubiri majibu ya utafiti tangu enzi za mkoloni

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo. Hili limenikuta mwenyewe, na anayebisha aje Masoko nimuoneshe mti.

Mimi ni mwalimu hapa Tukuyu. Nyumba yangu ilifika hatua ya kuezeka nikakwama mbao, na mvua za huku mnazijua. Tofali zilikuwa zinalowa huku naangalia. Iliniuma sana.

Sasa, kwa bibi mzaa baba kuna mti wa podo umenyooka, unatosha kenchi zote.

Tatizo una kibati cha namba.

Kabla ya uhuru alikuja mzungu wa utafiti wa mbao, akatoboa, akagongelea kibati, akamwambia baba mkwe wa bibi asiuguse mpaka majibu yaje. Akasepa.

Baada ya uhuru wakaja wataalamu wetu, wakatoboa upande wa pili. Majibu yako njiani.

Juzi juzi wakaja wanafunzi wa chuo na mashine. Wakatoboa, wakala ndizi za bibi, kimya.

Yaani historia ya utafiti wa mbao za asili nchi hii, kwetu ni matundu tu.

Nikaomba kukata. Bibi akaniangalia: "Gwe, mti uko kwenye vipimo. Majibu yakija kesho tutawaonesha kisiki?"

Nikamtafuta dada mmoja mtafiti niliyesoma naye. Nikambembeleza apime, na safari hii arudi na majibu.

Akarudi, wakuu. First time in history.

Akamweleza bibi kwa Kinyakyusa kabisa: mbao imara, haipindi, inashinda mikaratusi tunayojipandia kila kona. Mimi moyoni nasherehekea, fundi wa chainsaw nimeshamuweka standby.

Bibi akamshika mkono. "Ndaga fijo, asante sana mwanangu." Kisha akanigeukia.

"Umesikia? Mti mzuri hivi, na wewe ulitaka kuukata."

Kesi ikaisha hapo.

Nimeezeka kwa mikaratusi mibichi. Paa limeshaanza kupinda, wife hanisemeshi mvua ikinyesha.

Nilichojifunza: ukitaka mbao, usimpeleke mtafiti mkweli kwa bibi. Waliokutana na bibi wa aina hii karibuni mnipe pole, au mcheke, sawa tu.

NB: Kibati bibi aling'oa akanipa. Nimekigongelea kwenye kenchi iliyopinda. Wife akiuliza lini nitarekebisha, namwambia tunasubiri majibu.