Mawe Tuliyochezea Ngitilini

Ukiiacha barabara ya lami pale Tinde ukaingia ndani, mwendo wa kuchosha, utafika kwetu. Tuna ngitili, msitu wa kijiji kizima, si wa mtu. Mvua zikiisha unafungwa, haingii ng'ombe wala panga, mpaka kiangazi kikaze ndipo wazee wafungue malisho. Migunga na mikuyu iliyomo, hakuna mtu aliye hai aliyeiona ikiwa midogo. Sisi wasichana tuliruhusiwa kuokota kuni zilizoanguka zenyewe, basi. Ukionekana unavunja tawi bichi, baba yako alitozwa mbuzi.

Hayo niliwasimulia wateja wangu Nyasubi, mjini Kahama, ninakouza wali na maharage. Wengi ni wachimbaji wanaopita kuelekea Geita, watu wa kila kabila, na kila mmoja husifia kwao. Nami nikaona nisipitwe. Nikasema tulipochoka kuokota kuni tulishuka kwenye korongo la ngitili, tukacheza kupikapika kwa mawe meupe yenye michirizi ya manjano. Mmoja wao akaacha kutafuna. Akaniuliza korongo lenyewe liko upande gani. Mimi niliyelisha wachimbaji miaka yote hii, ninayejua kwamba mbele yao jiwe halitajwi, nikamwelekeza njia mpaka mwisho. Tena kwa fahari. Mjinga ni mjinga tu, hata akipika wali mzuri.

Haikuchukua muda, rashi, ule mkurupuko wa kukimbilia dhahabu, ikaingia kijijini. Watu walimiminika kwa pikipiki, na sururu na magunia. Maduara yakachimbwa kando ya korongo, na kwa kuwa shimo la dhahabu halisimami bila magogo ya kuzuia kuta zisibomoke, miti ikaanza kuangushwa. Kina mama waliokwenda kuchota maji korongoni walikuta matope.

Wazee wakaitisha dagashida, baraza letu la kimila, wamjue aliyetoa siri. Nilipanda gari kwenda nikiwa nimeshajipanga kusema. Nilikaa kwenye mkeka nyuma ya mama yangu, karibu kiasi cha kugusa kanga yake. Swali lilipoulizwa nikajiandaa kuinuka. Mama akasimama. Akasema kuna wapita njia walimwomba maji ya kunywa, akawapa maji na maneno juu yake, uzee umemlegeza mdomo. Uongo mtupu. Nilikuwa sijamwambia lolote, lakini mama ni mama, alishanisoma usoni tangu niliposhuka garini. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu.

Akatengwa. Kwetu aliyetengwa hasalimiwi, hapewi moto, shamba lake haliingiwi na kikundi cha kulima, na akifiwa atajua mwenyewe, mpaka wazee watakapomfungulia. Mimi adhabu haikunigusa, kwa kuwa niliolewa nikaondoka.

Nilimfuata nyumbani nikilia. Alikuwa ameshakaa kwenye kigoda anabambua karanga.

"Mayu, narudi kuwaambia ni mimi."

"Kaa chini, ng'wanone. Mimi nimebakiza siku ngapi za kusalimiwa? Wewe una watoto. Wakirudi hapa kesho, waitwe watoto wa aliyeuza ngitili?"

Nikakaa. Nilijiambia ninamtii mzazi, lakini ukweli ni kwamba moyo ulitua, na nilijichukia kwa jinsi ulivyotua haraka. Tukabambua karanga mpaka zikaisha.

Asubuhi alinisindikiza barabarani. Tulikutana na wanawake wa jirani wakiwa na ndoo, wakienda kutafuta maji mbali zaidi. Mmoja wao, mama yangu ndiye aliyemzalisha watoto wake wote. Mama akawasalimu kama siku zote. Walimpita kwa macho kana kwamba pale alipo hakuna mtu, wakanikumbatia mimi, wakaniuliza habari za mjini, na watoto hawajambo?

Nikawaambia hawajambo.