Ushindi wa Bure

Fundi saa alipomfunga shemeji yake mara ya tano mfululizo, hakufurahi. Aliinua macho kutoka kwenye ubao wa drafti, akamtazama kinyozi yule, kaka wa mkewe, kama anavyoitazama saa iliyoanguka sakafuni na bado inakwenda vizuri.

"Umeniweza, shem," kinyozi alisema, akikusanya kete. "Kichwa chako siku hizi ni moto."

Moto! Miaka kumi na minane wamecheza pamoja, na kinyozi hakuwahi kumsifu hata kwa bahati mbaya. Akishinda, aliimba. Akishindwa, alinuna siku tatu na salamu hapokei. Leo anashindwa huku anatabasamu.

Miezi minne nyuma, fundi alipatwa na kiharusi kidogo. Mkono ulirudi, ulimi ulirudi. Lakini akili je, ilirudi yote? Daktari alisema tu, "Polepole, mzee." Kibanda cha saa kikabaki kimefungwa, na fundi akajiwekea mtihani wake kimoyomoyo: siku atakayomfunga shemeji kihalali, atarudi kazini. Akishindwa kabisa, atauza vifaa. Mtu asiyeona hatua tatu mbele ana haki gani ya kufungua saa ya mwenzake?

Ndiyo maana aliichagua drafti. Karata zina bahati. Ukifungwa, unalaumu karata. Kwenye drafti kila kitu kiko juu ya ubao, na ukifungwa umefungwa wewe, na akili zako. Mkewe aliuchukia mchezo huo kwa sababu hiyohiyo. "Mtu mzima anaumbuka mchana kweupe," alizoea kusema, "halafu anaita burudani."

Sasa fundi aliona kuwa alikosea. Kipo kitu kimoja ambacho ubao hauonyeshi: nia ya aliyekaa upande wa pili.

"Kaka yako anaumwa?" alimuuliza mkewe, aliyekuwa anakunja nguo.

"Haumwi."

"Ana mawazo?"

"Mawazo ya nini, baba watoto? Hebu niache." Akalikunjua shati alilokwisha kulikunja, akalikunja upya.

Fundi aliliona hilo.

Jumapili kinyozi alikuja, mikono inanukia poda. Fundi alikuwa amekwisha kuamua: leo atacheza ili afungwe. Kama shemeji anacheza kweli, atashinda upesi na ukweli utajulikana. Akaisukuma kete yake mdomoni mwa kete ya mwenzake. Kwenye ubao wao kula ni lazima, upende usipende. Kinyozi akala, uso umemkunjamana kama aliyemeza dawa chungu. Kisha naye akasukuma yake, na fundi ikambidi ale.

"Nyinyi mnafanya nini?" mke aliuliza, amesimama na birika mkononi. "Mbona mnalishana kama maharusi?"

Kinyozi alizificha kete zake pembeni mwa ubao. Fundi akamfuata hukohuko. Kumbe kumlazimisha mtu akule ni kazi kuliko kumla. Lazima umpangie safari yote, kete kwa kete, umzibie kila kichochoro, hadi abaki na njia ile moja asiyoitaka. Fundi aliinama, akahesabu, akahesabu tena. Akatoa moja, ikaliwa. Akasogeza ya mwisho.

Kinyozi alitafuta pa kukimbilia, akakosa.

"Kula," fundi alisema.

"Sitaki."

"Kula ni lazima, shem."

Kinyozi akaila kwa kishindo. "Mtu gani wewe! Mwezi mzima nahangaika kukuachia, leo unanilazimisha nikufunge!"

Alipogundua alichosema, alimgeukia dada yake.

"Mimi ndiye niliyemwomba," mke alisema taratibu. "Niliogopa ungeudhika ukifungwa."

Fundi alingoja hasira ije, haikuja. Alikuwa bado anahesabu. Hatua saba. Aliziona zote saba, mbele ya mtu aliyetaka kushindwa kwa nguvu zake zote.

Au hakutaka?

"Na leo je? Ulijitahidi kweli ufungwe, au hilo nalo mmelipanga?"

"Haki ya Mungu, shem! Nitazame shati!"

Fundi akainuka, akaizunguka meza, akaligusa shati mgongoni kwa kidole kimoja. Lilikuwa limelowa jasho chapachapa.

"Kesho nafungua kibanda," alisema.

"Nusu siku," mkewe akasema.

"Siku nzima."

"Haya, baba watoto. Siku nzima."

Fundi aliketi polepole. Mwanamke huyu hakuwahi kukubali jambo upesi hivyo. Akamtazama, akamtazama na kinyozi, halafu akaanza kuzipanga kete upya.