Boksi la Samaki Chumbani kwa Shangazi Rukia

Juzi niliwasha taa ya mezani iliyokuwa haijaguswa kwa miezi, na harufu ya vumbi linaloungua juu ya balbu ikanipanda puani. Mume wangu akatoka chumbani mbio, akauliza kama kuna waya unaungua. Nikamjibu, "Hapana, ni mayai." Akarudi zake kulala. Sikumlaumu. Harufu hiyo mimi huijua kwa jina jingine, na nyinyi nitawaeleza, maana yeye nimeshamchosha na habari za kuku.

Nilikuwa darasa la nne, msichana wa kiherehere kisichotibika, nilipopelekwa mtaa wa Barani kukaa na Shangazi Rukia, dada yake baba. Mumewe, Mjomba Shee, alikuwa amefariki, na shangazi alikuwa amekaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hubaki nyumbani kwake, hajipambi, hajitii manukato, na watu ndio humjia. Nyumba kama hiyo huhitaji miguu ya kutumwa dukani. Yangu ilikuwa haitulii hata usingizini, na kwa kuwa ilikuwa likizo, mama akasema, "Mchukueni huyu, nami nipumzike."

Kumbe nilikuwa nimepelekwa kwa mtu asiyetulia kunishinda. Shangazi alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Alikunjua leso, akazikunja, akazikunjua tena. Alitoka chumbani hadi jikoni, jikoni hadi mlango wa ua, akashika komeo, akakumbuka kwamba hatoki, akarudi. Na chakula hakukigusa. Alikunywa chai ya rangi, akamega mkate kidogo wa kumezea, basi.

Mjomba Shee alikuwa mchuuzi wa samaki, lakini moyo wake wote ulikuwa kwa kuku wake wa kuchi, wale warefu wa shingo na miguu, wanaotembea kama watu wenye kesi na jirani. Mbegu yake ililetwa na babake kutoka visiwani huko kaskazini, na mjomba hakuwahi kumpa mtu hata yai moja bila kumhoji kwanza. Muda mfupi baada ya mazishi kukaingia kideri, ugonjwa ule unaopukutisha kuku mtaa mzima. Akabaki tetea mmoja, aliyekuwa akilalia mayai nyuma ya jiko. Asubuhi moja tukakuta nguchiro amemmaliza. Shangazi alichutama, akatia mkono chini ya mzoga, na kumbe mayai yalikuwa bado yana joto.

Hakulia. Aliyabeba kwenye upindo wa leso mpaka chumbani kwake, akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nifike. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mbegu ya kuku wa mumewe isipotee mikononi mwake.

Ghalani kulikuwa na maboksi ya mjomba, yale meupe mepesi ya kuwekea samaki na barafu. Shangazi alisema kitu kinachoweza kuzuia baridi isitoke kitazuia na joto, na hoja hiyo mpaka leo sijaipatia kasoro. Tukaliosha moja, nalo likaendelea kunuka samaki changu kana kwamba hatukulitia hata tone la maji. Tukalitoboa matundu ya hewa, tukaning'iniza balbu ndani, tukatandika wavu wa waya juu ya bakuli la maji, na juu yake tukayapanga mayai. Balbu ilipopata moto, vumbi lake likaanza kuungua, na nyumba nzima ikanuka samaki na vumbi. Hayo ndiyo manukato ya eda niliyoyajua mimi.

Kipimajoto kilikuwa kile cha kioo cha kupimia homa, nilichotumwa duka la dawa. Msinicheke, hatukuwa na kingine. Sasa, kipimajoto cha homa kina tabia yake: kikishapanda hakishuki mpaka ukikung'ute. Sisi hatukulijua hilo. Stima ilikatika, boksi likapoa, na kipimajoto kikaendelea kutuambia kwamba mambo ni mazuri. Shangazi ndiye aliyeshuku. Alitwaa yai, akaliweka juu ya kope la jicho lililofumba, akashtuka. Tukakimbizana na birika, tukajaza chupa maji ya moto, tukazifunga kwa leso na kuzipanga ndani mpaka stima iliporudi. Tangu hapo jicho lake ndilo lililokuwa kipimo. Yai likimchoma kope, aliinua balbu. Likiwa baridi, aliishusha. Aliishusha na kuipandisha siku nzima, na kila baada ya muda akayageuza mayai, na mimi nikamfuata nyumanyuma nikiuliza yataanguliwa lini.

"Subira yavuta heri," alinijibu, huku mkono wake tayari uko kwenye kifuniko.

Maji nayo yakawa vita. Alikuwa amesikia kwamba yai likikauka kifaranga hunata ndani ya ngozi ya yai akafa, basi akaongeza bakuli la pili, akatia na kitambaa kilicholowa. Masika yalikuwa yameanza. Chumvi ilikuwa imeyeyuka kwenye kibakuli chake na nguo kambani hazikauki. Siku aliyokuja Mama Kadzo, mwanamke wa Kakuyuni aliyekuwa akituuzia mchicha, aliingiza kiganja ndani ya boksi, akakitoa kinachuruzika.

"Ee, mayai haya mwayaogesha?" akauliza.

"Nachelea yasikauke," shangazi akasema.

"Mino nakwambia," akasema, maana kwao 'mimi' ni 'mino', "masika haya hewa yenyewe yanywesha. Toa mabakuli. Yai lataka kupungua maji, mwana apate nafasi ya kupumua mle ndani. Maji utayarudisha mwisho, ukiwasikia walia." Akajitwika kikapu chake, kisha akageuka. "Nawe mama, ushakula leo? Kuku mwenyewe akilalia huondoka, akala, akajipaka vumbi, akarudi. Mayai yapoa kidogo na hayamwambii kitu."

Shangazi aliyatoa mabakuli. Lakini kwa hilo la kula aligeuka akaanza kukunja leso.

Tulifunga madirisha mchana, tukayamulika mayai kwa tochi ya simu. Mengine yalikuwa matupu, mwanga ukapita ndani kama kwenye maji. Mengine yalikuwa na mishipa myekundu iliyotawanyika, na katikati kitu cheusi kikaruka. Nilipiga kelele nikazibwa mdomo. Mayai viza tukayatupa, na yaliyobaki yakawa machache kiasi cha kututia hofu sote wawili.

Siku za mwisho bakuli la maji likarudi na kifuniko kikapasa kubaki kimefungwa, unyevu usitoroke. Jaribuni kufunga kitu katika nyumba ya msiba. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu, nami nilitamani wageni wote wapotee njia. Kila aliyekuja kumpa shangazi pole alikuwa ameshasikia habari za boksi, na kila mmoja alitaka kuona. Shangazi alilelewa kwamba mgeni hakatazwi. Basi kifuniko kikafunuliwa, mvuke ukapanda, mtu akasema "Mashaallah", kikafungwa. Akaja mwingine. Nilikaa pembeni nikiuma kucha na kuwachukia watu wazima wenye adabu.

Kati yao alikuwa Bi Maimuna wa nyumba ya mkabala, shoga yake shangazi tangu usichana. Huyo alikuja kila adhuhuri na sinia lililofunikwa kawa. Shangazi alimshukuru, akaliweka, akalifunika tena. Niliyekula ni mimi, na nilirudi kwetu na mashavu. Niliona tu kwamba wanawake wale wawili waliongea pasi kutazamana, nikadhani ndivyo ilivyo eda.

Hatimaye asubuhi moja tukasikia mlio, mwembamba, ukitoka ndani ya yai lililofungika. Karibu na adhuhuri yai moja likapata ufa. Shangazi alilizunguka boksi lile mpaka mimi nikapata kizunguzungu. Akaenda mlangoni, akarudi. Akainama kwenye tundu la hewa, akainuka. Ufa haukuongezeka. Bi Maimuna akapiga hodi, akatua sinia uani, akaingia, akasikia mlio. Akanyoosha mkono kufunua.

Shangazi aliupiga mkono ule kofi.

Mtu mzima kumpiga mtu mzima mwenziwe, mgeni, ndani ya nyumba yake! Hata mlio wa ndani ya boksi ulikoma. Bi Maimuna akaushika mkono wake, akasema polepole, "Rukia, hujala. Nenda ukale, mimi nitakaa hapa."

"Siondoki!" shangazi akapaza sauti. "Siku ile pia ulinambia hivyohivyo!"

Bi Maimuna akajifunika uso kwa ukaya wa kichwani, akatoka. Nilidhani amekwenda kwao. Nilipochungulia nikamwona ameketi uani kwenye mkeka, mbele ya sinia ambalo halijafunuliwa.

Shangazi akaanza tena: boksi, dirisha, mlango. Boksi, dirisha, mlango. Mwishowe akasimama.

"Maimuna kaenda?"

"Yupo, Shangazi."

Alitazama mlango wa ua. Kisha akanishika mabega, akanikalisha penye boksi. "Aziza, keti hapa. Usifunue. Akitoka, niite."

Akaenda zake. Nikasikia kawa likiondolewa na sauti mbili zikisema bismillahi. Nami nikabandika jicho kwenye tundu, nikabana pumzi. Ufa ukawa mstari, mstari ukazunguka, yai likajisukuma mara, likapumzika, likajisukuma, na kifaranga akamwagika juu ya wavu, amelowa, mbaya wa sura, shingo ndefu kama ya babake.

"Katoka! Shangazi, katoka!"

Nilingoja miguu inayokimbia. Sikuisikia. Nikakimbia mwenyewe mpaka mlangoni. Shangazi alikuwa ametulia mbele ya sinia, akichambua miiba ya samaki wa kupaka. Alipomaliza kipande, alikisogeza upande wa Bi Maimuna, juu ya wali.

"Kula, Maimuna," akasema. Kisha akaniinulia uso. "Alhamdulillahi. Naja, mwanangu. Acha tumalize kula."

Nilipiga miguu sakafuni. Nililia kwa hasira. Yale mateso yote, zile chupa za moto, na sasa anakula!

Walianguliwa wachache. Wengine walinata ndani ya maganda wakafa, kwa sababu ya wale wageni, na hilo sijawasamehe. Lakini majogoo walikuwemo na matetea walikuwemo, na mbegu ya Mjomba Shee haikupotea. Nilirudi kwetu nikiwa bado nimenuna.

Miaka mingi ilipita kabla mama hajaniambia, tukiwa tunapika, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote. Mjomba alipolazwa, shangazi alikaa kando ya kitanda bila kula, kila mtu akimsihi. Bi Maimuna ndiye aliyemshika mkono akamwinua: nenda ukale, mimi nitakaa hapa. Shangazi akaenda. Aliporudi, mumewe alikuwa ameshafunikwa uso. Hakumlaumu shoga yake hata kwa neno, wala hakuweza tena kumtazama, na yule naye hakuwa na namna ya kuomba msamaha ila kupika.

Niliacha mwiko sufuriani, nikakaa chini. Siku ile mimi nilikuwa napiga miguu kwamba shangazi anachelewa. Naye alikuwa ameliacha jambo alilolitaka kuliko yote litokee bila macho yake, na hakunyanyuka kwenye mkeka ule mpaka Maimuna aliposhiba.