Wenzetu Walipigwa Risasi, Sisi Tulifinyana

Sisi tuliokulia Igowole miaka ile, shule tulikwenda pekupeku, umande unatutia ganzi vidole, viazi vya jana mfukoni, na mdomo tumeufunga. Ukitoa neno la Kihehe pale shuleni unavikwa kibao shingoni, kipande cha mbao chenye kamba ya katani, na hukivui mpaka umnase mwenzako naye kateleza. Jioni ikikukuta nacho, fimbo.

Siku moja kikanifika mimi. Nikamfuata rafiki yangu Twilumba, anamenya viazi vya mwalimu, nikamfinya paja kwa kucha zote. Akamlilia mama yake kwa Kihehe. Sasa angelia kwa lugha gani? Nikamvika kibao, darasa zima likacheka, mwalimu akasema, "Huyu ana akili." Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba! Twilumba alichapwa, na shule hakurudi tena.

Mwezi wa pili huu mjukuu wangu Neema, mwalimu kule Mbeya, alikuja kunisalimia. Akanionyesha kwenye simu watu wa Bangladeshi, umati, hawana viatu, wameshika maua.

"Msiba wa nani huo?"

"Wanafunzi, bibi. Zamani serikali iliwalazimisha lugha ya wengine. Wakaandamana kudai Kibengali chao, wakapigwa risasi. Leo ndiyo siku yao, taifa zima linawakumbuka."

Ungo uliniponyoka, mahindi yakamwagika. Risasi! Watoto wa shule!

"Usinitanie, we mtoto."

"Sikutanii. Kwani wewe Kihehe chako mbona hukuturithisha?"

Mungu wangu. Wenzetu walisimama mbele ya bunduki, mimi nilimuuza rafiki kwa kuogopa fimbo mbili. Halafu wanangu nikawalea kwa Kiswahili kitupu, nikijigamba kwa majirani kwamba nyumba yangu ni ya wasomi.

Na wasomi kweli ni wasomi, wajukuu hawa nawaringia kijiji kizima. Lakini wasalimie "Kamwene" uone: wanachekacheka, "Poa, bibi." Poa! Basi siku ile ile nikamkalisha Neema jikoni nimfundishe. Akatoa daftari. Nikamwambia weka hilo, sema kwa mdomo. Akasema, ulimi ukagoma, tukacheka mpaka machozi, kisha yangu yakakataa kukauka.

Mama yangu alipokufa tulimlilia kwa Kihehe, tukimtajia ukoo wake mmoja mmoja, mlima mzima ukajua nani kaondoka. Mimi nikifa leo, hawa wasomi wangu watasimama pale kaburini, watasema pole, watakaa kimya.