Mitungi Iliyopakwa Mafuta ya Sufu

Babu yangu Bárður hupaka mafuta kila kitu. Kwetu visiwani Faroe, katikati ya bahari, hewa yenyewe ina chumvi, chuma ukikisahau nje kinaota kutu kabla hujarudi. Kwa hiyo kila mwaka, kondoo wakishanyolewa, yeye huchemsha sufu chafu kwenye sufuria kuukuu, anaengua mafuta yake ya njano, kisha anazunguka na kitambaa: bawaba, makufuli, minyororo, visu, hata mikono ya miwani yake. Nyumba nzima inanuka kondoo dume. Mimi nakaa naye tangu nilipoacha shule na siisikii tena harufu hiyo. Wageni ndio huisikia.

Kitu kimoja tu hakikulainika kwa mafuta, nacho ni ugomvi wake na mdogo wake, Heini.

Heini anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hawajasemeshana tangu mama yangu akiwa mtoto. Siku ugomvi ulipoanza, Heini aliingia bandani kwa babu kukata chuma cha lango la zizi kwa moto wa gesi. Alipofungua tu mtungi wa oksijeni, moto ukaruka kwenye mdomo wa mtungi, ukamla nusu ya uso na jicho la kushoto, ukala na boti ya makasia ya baba yao iliyolazwa humo. Babu akaja mbio, akakuta kiko cha Heini sakafuni. Ikawa basi.

"Alikuwa anavuta," babu husema mpaka leo.

"Kiko kilikuwa mfukoni, baridi. Kilidondoka nilipoanguka," Heini husema mpaka leo.

Kijiji kilishaamua zamani mwongo ni nani. Mtu mwenye kiko na jicho moja, nani atamsikiliza?

Lakini kondoo wa mlimani hukusanywa na watu wote, ugomvi au hapana. Basi mimi ndiye simu yao.

"Marjun, mwambie huyo wa jicho moja mbwa wake anawapeleka kondoo baharini."

"Mwambie huyo mnuka sufu, kondoo wanakimbia wakidhani ni jamaa yao anakuja kuwaoa."

Napanda, nashuka. Maneno mengine nayaangusha njiani.

Baada ya ule moto babu alinunua mitungi mingine miwili, lakini hakuna aliyeifungua. Ilisimama tu kwenye kona. Mwaka huu akasema sasa iuzwe. Akaja mama mmoja anaitwa Sunnvør, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli, anayetaka kuwa na karakana yake nyumbani.

"Hodi! Ni kwa Mzee Bárður hapa?"

"Karibu, mwanangu. Ushike mlango wa gari, upepo usije ukauchukua!"

Bandani Sunnvør aliinama kwanza kwenye shingo za mitungi, akasoma maandishi yaliyogongwa kwenye chuma.

"Hakuna jina la kampuni. Afadhali. Juzi juzi niliuziwa mmoja, kuupeleka kujaza gesi wakaniambia, asante sana kwa kuturudishia mali yetu. Nikarudi mikono mitupu."

Babu akacheka mpaka akakohoa. "Hii ni yangu mwenyewe. Na imetunzwa kuliko bibi harusi. Tazama inavyong'aa! Ngoja nikufungulie huu wa oksijeni, usikie kama bado una nguvu."

Akanyoosha mkono kwenye koki.

Sunnvør akampiga mkono ule. Akampiga kweli, paa! Mbwa akaruka. Babu akabaki kinywa wazi.

"Unanipiga? Bandani kwangu?"

"Nisamehe, mzee. Usiiguse. Hebu tokeni nje, wote wawili." Tulipokuwa mlangoni akaonyesha kwa kidole shingo ya koki, ilikuwa inameta njano. "Hicho ni nini pale?"

"Mafuta ya sufu."

"Kwenye oksijeni? Nani kapaka?"

"Mimi. Nani mwingine? Napaka kila mwaka tangu nikiwa kijana, isishike kutu."

"Mungu wangu. Mzee, oksijeni ikitoka kwa nguvu ikakuta mafuta, inalipuka yenyewe. Haitaki kiberiti. Haitaki sigara. Haitaki kitu."

Nikaona rangi inamtoka babu usoni, kuanzia juu kushuka chini.

"Wala kiko?" akauliza.

"Kiko gani, mzee?"

"Haitaki kiko?"

"Haitaki."

Akashika mwimo wa mlango. "Nilijua kesho yake atakata lile lango," alisema, na sijui alikuwa anamwambia nani. "Jioni nikaenda nikampakia koki. Nikampakia vizuri. Isije ikamkazia."

Sunnvør hakununua. Alifunga mlango wa banda, akasema atawaita watu wa gesi waje kuichukua na mtu yeyote asiingie humo. Akaondoka polepole, bila kupiga honi.

Nilidhani babu ataingia ndani. Akapita mlango wetu. Akapita nyumba ya pili. Njiani alikuwa anafuta mikono kwenye suruali, akainama akaifuta kwenye majani, lakini mafuta ya sufu hayatoki hivi hivi.

Heini alifungua. Akamtazama, kisha akanitafuta mimi. "Marjun yuko wapi? Umekosa wa kumtuma?"

"Yuko nyuma yangu. Leo nimejituma." Babu akamwonyesha viganja. "Ni mafuta yangu, Heini. Mimi ndiye niliyeipaka koki. Haikuwa kiko."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukikaa vile. Lile jicho moja halikupepesa.

"Rudia," alisema Heini.

Babu akarudia.

"Sio kwangu. Mimi nilikuwa najua sikuvuta. Geuka huko, uwaambie watu wa kijiji."

Babu akavua kofia, akaugeukia upepo na zile nyumba zote, akaanza kuyarudia maneno yale kwa kelele.