Picha za Maji na Sahani ya Kombe

Binamu yangu alipokuja mwezi uliopita kutoka Maskati kututazama, kila mtu nyumbani kwangu Chukwani alipata chake. Binti zangu walipata udi na marashi, mimi nikapata shali, na mjukuu wangu wa kike, aliye darasa la nne, akapewa boksi la ndege ya vita ya plastiki, ile ya kuunga vipande mwenyewe kwa gundi. Nilipoliona boksi lile moyo ulinipiga pa! Mtu mzima mimi, meno nayahesabu, naonea wivu boksi la mtoto. Usinicheke. Ngoja nikuhadithie wivu huo ulikotoka, maana ni mkongwe kuliko watu wengi unaowajua.

Ilikuwa miaka ya hamsini, tukikaa mjini, Malindi, nyumba moja ya ghorofa na shangazi yangu. Mimi na huyu binamu, mtoto wa shangazi, tulifuatana. Nilimtangulia miezi michache tu, ndiyo maana akaniita dada, lakini katika mengine yote yeye alikuwa mbele. Alikuwa na ami yake, ndugu wa baba yake, aliyepika katika meli zilizokwenda Adeni. Ami yangu mimi aliuza mkaa Darajani. Kila meli ikirudi, binamu alipata viatu vya kamba, alipata tochi, alipata penseli yenye kifutio kichwani. Mimi nilipata habari za vitu hivyo.

Mwaka huo, Ramadhani ilipoanza, ami yake alimletea ndege. Aliiunga taratibu, jioni baada ya jioni, na nyumba nzima ikanuka gundi pamoja na tambi na mkate wa kumimina. Yenyewe ilikuwa ya kijivu tupu, rangi ya maji ya kuoshea masufuria, na wala si yenyewe iliyonichoma. Kilichonichoma ni kikaratasi kimoja ndani ya boksi, ambacho sisi tulikiita picha za maji. Kilikuwa na miduara ya buluu, nyeupe na nyekundu ya kuweka kwenye mabawa, na herufi, na namba ndogo kama punje za mchele. Unakata picha, unaiweka majini, ulimbo wake unaachia, na picha inateleza peke yake juu ya bawa, nyembamba kama ngozi ya maziwa. Alitutolea tukitazame, kisha akakirudisha ndani upesi, kana kwamba macho yetu yangekimaliza.

Nawe jua kwamba mimi nilikuwa mshonaji. Nilishona kofia na Bibi, mama yake baba, tangu sijui kufunga kanga, na Bibi mwenyewe alisema vidole vyangu vinaweza kumtoa sisimizi mwiba. Nani katika nyumba ile alistahili kuzigusa picha zile kama si mimi? Nilimwomba, akaniambia ni kazi ya wanaume. Nilimwomba tena. Mwisho, kanzu yake ilipopasuka na akaogopa kumwambia mama yake, akakubali: nimshonee, naye ataniachia picha moja, namba ndogo kuliko zote, ya mkiani.

"Moja tu," alisema. "Na usipumue."

Nilianza mazoezi siku ile ile. Nilichukua ngozi nyembamba za kitunguu, nikaziroweka kwenye bakuli, nikaziteleza kwa kidole juu ya mgongo wa upawa, mpaka mama akauliza kama nimerogwa.

Hapo ndipo Bibi akashikwa na homa. Tulimsihi ale, akakataa katakata, akasema atafunga hivyo hivyo, na mwalimu wa chuo cha Kurani ataleta kombe afuturie. Aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani au karatasi, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa maji hayo na shifaa iko kwa Mungu. Nyumbani petu sahani ya kombe ilikuwa moja, nyeupe pe, ikikaa rafu ya juu kabisa, na hapana aliyethubutu kuilia wali.

Jioni hiyo binamu alitafuta chombo cha kurowekea picha zake. Sahani zetu zote zilikuwa za maua na majogoo, na kwenye maua picha huzioni vizuri. Akapanda kigoda, akaiteremsha ile nyeupe. Mwenye akili angeroweka moja moja, lakini yeye alikata zote akazitumbukiza kwa pamoja, kisha akaiweka sahani kwenye meza ndogo kando ya kitanda cha Bibi, kwa sababu dirisha la hapo ndilo lenye mwanga.

"Dada! Njoo, namba yako inaachia!"

Niliinuka kwenye mbuzi ya kukunia na nazi yangu mkononi. Mama akanikalisha. "Kwanza tui."

Nikakuna kama mwenye kichaa. Kabla sijamaliza, mzinga wa kufuturu ukalia. Binamu akakimbilia tende, mimi nikakimbilia maji ya kunawa. Tulipofika chumbani kwa Bibi, sahani ilikuwa imekauka. Vilibaki vikaratasi vyeupe, vitupu, vimelala chini, na Bibi alikuwa akijifuta midomo kwa ncha ya kanga.

"Alhamdulillahi, nshakunywa," alisema. "Mwalimu leo kasahau zafarani, lakini lina utamu wake, na lina utandoutando. Hebu tazameni, maandishi yote yametoka."

Binamu alifumbua kinywa kulia. Mama akakijaza tende. "Kula, mwanangu," akamwambia, na kwa jicho akatukataza sote kusema neno, maana mgonjwa havunjwi nia yake. Mwalimu alipokuja na kombe lake, mama alimpokea kwenye ngazi akamnong'oneza, na mwalimu akakohoa kwa muda mrefu sana.

Wakati wa daku Bibi ndiye aliyetuamsha, homa imemtoka, akiuliza viazi vya jana viko wapi. Kila mtu alishukuru. Mimi nilishukuru pia, lakini nilikuwa na wivu mara mbili. Nilimwonea binamu aliyekuwa na picha, na nilimwonea Bibi aliyekuwa na namba yangu tumboni wala hana habari nayo.

Sikukuu ilikaribia na ndege ilikuwa kipara. Binamu akaja taratibu. "Dada, nchoree. Ntawambia wote ni wewe." Basi nikachukua buluu ya kufulia nguo na rangi nyekundu ya kutilia ukili wa mikeka, nikazikoroga kwa ute wa yai, nikapima miduara kwa kifungo cha koti la baba, nikapaka kwa ncha ya kijiti. Ilitoka mizuri kuliko ya Adeni. Nasema hivyo mpaka leo.

Mnazi Mmoja, siku ya Idi, watoto walituzunguka wakasahau pembea. Mvulana mmoja mkubwa akauliza, "Nani kakutilia hizi?" Binamu alinitazama, mimi na gauni langu jipya, kisha akawatazama wavulana.

"Zimekuja hivi hivi kutoka Adeni."

Nililamba kidole gumba, nikakipitisha juu ya bawa. Mduara ukawa tope la buluu.

"Za Adeni hazifutiki," nilimwambia. Watoto walicheka mpaka wengine wakamwaga sharubati zao, na sisi wawili hatukusemezana mpaka Idi ya kuchinja, sikukuu ya Mfunguo Tatu, ilipotupatanisha kwa nguvu.

Sahani ile sijui iliishia wapi. Bibi tulimzika miaka mingi iliyopita, kofia sasa zinashonwa kwa mashine, na mbuzi yangu ya nazi imekuwa pambo sebuleni kwa binti yangu. Juzi, mjukuu alipomaliza kuunga ndege yake, binamu alitoa kikaratasi cha picha. Hakukata zote. Alikata moja tu, namba ndogo kuliko zote, akairoweka kwenye kisosi, akanisogezea.

"Namba yako hii, dada. Nlikuahidi. Na usipumue."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikaingiza kidole. Namba iliteleza, ikatetemeka pamoja na mkono wangu, ikajikunja na kuning'inia kwenye ukucha. Nilijaribu tena, ikajikunja zaidi.

"Nipe mimi, Bibi."

Mjukuu wangu aliikunjua kwa ncha ya kidole kidogo, akailaza mkiani, imenyooka sawasawa. Binamu akapiga makofi. "Mashaallah! Vidole vya nani hivi?"

"Vyangu," mtoto akajibu.

Nilimwonea wivu mjukuu wangu mwenyewe, wivu ule ule wa Malindi. Nikakitazama kidole gumba changu, kile kile kilichofuta mduara, nikakificha ndani ya kanga.